Chapa ya Nne

Sonara Rajani amekishika kwa kibano,
kioo kimeng'ang'ania jicho la kulia,
na nyuma ya soko la Majengo, saa nne, bati limeshaanza kulia kwa jua,
anakisoma mgongoni kama cheti cha ubatizo.

"Simba," anasema. "Anatembea.
Nanga.
Herufi, imejikunja mkia.
Na hapa, STERLING. Ya Marekani hii, mama.
Waingereza hawaandiki neno,
wao humwachia simba aseme."
Mia tisa ishirini na tano katika elfu ni fedha,
iliyobaki ni shaba,
maana fedha tupu ni laini, ingeshindwa hata na ugali.

Simba tunamjua. Alimla ndama wa babu Ndahani.
Nanga, hapana. Handali tutie nanga nini,
labda lori la chumvi, korongoni, mwaka ule wa mvua.
Nilidhani ni jembe.
Utoto mzima nimelamba uji juu ya jembe.

Nesi Lindqvist alipoondoka alimwachia mama kijiko kimoja
kati ya kumi na viwili. Kumi na kimoja vilirudi kwao.
Hakueleza. Mama hakuuliza.
Kilipima dawa ya kikohozi, kilikoroga mlenda,
kilipinda mara moja kwenye kopo la samli iliyoganda
na kaka Chilongani akakinyoosha kwa jiwe.
Kilikwenda misibani pamoja na masufuria,
kikalala na vijiko vya bati vya watu,
kikarudi.

"Palikuwa na uchafu hapa," anasema Rajani, "mwekundu.
Nimeukwangua nione vizuri."

Kwenye wembe wake, unga kidogo.
Rangi ya kucha ya dada Nyemo,
nukta moja, mama aliidondosha kwa njiti ya kiberiti.
Vyombo vyetu vyote vilikuwa nayo, sahani, sinia, hata kifuniko cha birika,
ili jikoni kwa wafiwa, usiku, koroboi ikififia,
mtu aseme: hiki cha Mama Nyemo, weka kando.
Ng'ombe tulimkata sikio.

Anakipima. Anataja bei. Si mbaya.
Simba anatembea, hajui aendako.

"Lile duka la pili," namuuliza,
"wanauza rangi ya kucha?"