Upande Unaopigwa

Baharini kila upepo una jina na msimu wake,
una watu wanaoutaja kwa adabu.
Huku Jilore ni upepo tu,
mtoto wa kambo wa zile pepo za Malindi mjini.
Unakuja kwa miguu kupitia mashamba ya mihogo,
unafika ziwani na vumbi kwenye nguo.

Mwezi wa kumi. Vuli imeahidi, haijalipa.
Ziwa limerudi nyuma hatua arubaini
(nimezihesabu; mimi ni mwalimu wa hesabu)
na limeacha tope lenye nyayo za kiboko,
pana kama sufuria za arusi.

Wavuvi wote wamejibanza nyuma ya matete,
upande wa utulivu, ambako maji yamelala
kama uji uliopoa ukashika ngozi.
Wana chai. Wana redio.
Hawana samaki.

Ng'ambo, peke yake, upande unaopigwa,
kasimama kaka yangu Jefwa.
Shati limemjaa hewa mgongoni, utadhani ana kibiongo.

Hatujasemezana tangu mwezi wa saba,
tangu ile mikorosho ya baba
niliyoihesabu kumi na miwili,
yeye akaihesabu kumi na minne,
na mzee wa mtaa akaandika yote mawili
kisha akaomba nauli.

Nimekuja kwa kuwa mama kasema nije.
Kanipa ndoo, kanipa na salamu.
Salamu nimezimeza njiani.
Ndoo hii hapa.

Mshipi wake haunyooki. Upepo unaupinda
kama mgongo wa paka aliyeudhiwa.
Afunga kijiwe, hakitoshi;
afunga nati ya pikipiki,
arusha chinichini, usawa wa mawimbi,
maana ukirusha juu utarudishiwa chambo usoni.
Hilo hakulijua tangu tumboni. Nilimfundisha mimi.

Na mimi nilifundishwa na baba,
aliyesimama papa hapa akila vumbi:
Upepo ndio mpakuzi.
Wadudu, makombo, chavua, kila kidogo cha ziwa
hufagiliwa hadi ukingo huu.
Samaki hafuati starehe, mwanangu,
afuata sahani.

Ufito ukainama.
Si kuinama kwa wimbi, kule ni kwingine.
Huku ni kuinama kwa mtu aliyeitwa jina lake.
Jefwa akavuta, na mshipi ukazunguka tete,
ukaanza kulia ule mlio mwembamba
unaokuja kabla ya kukatika.

"Legeza!"

Sijui nani aliyesema. Nilikuwa mimi.

"Nini?"
"Le-ge-za!"

Akalegeza. Kitu kikapumua chini ya maji,
kikajizungusha, kikatoka kwenye matete chenyewe,
na mimi tayari nimo topeni hadi magotini,
viatu vya shule na soksi na heshima yangu yote,
nikimkumbatia kambare
mwenye kichwa cha koleo na masharubu ya karani,
akitutazama kwa zamu
kama anayetaka kujua mwenye kesi ni nani.

Ndoo? Upepo ulikwisha kuichukua.
Ilikuwa katikati ya ziwa, imesimama wima,
ikielekea kwa wale wa chai na redio
kwa mwendo wa bibi mkubwa aendaye kulalamika.
Jefwa akacheka kwa pua, kama alivyocheka utotoni.
Mimi sikucheka. Nilikuwa na kambare kifuani.

Tulipokuwa tunapandisha ukingo,
samaki ndani ya shati lake, yeye kifua wazi,
akasema kitu bila kugeuka.
Nilisikia "Kumi na mi—"
na upepo ukala kilichobaki.

Miwili, mitatu, minne:
zote huanza vivyo hivyo.

Ningeweza kumwambia arudie.
Darasani humrudisha mtoto kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Haya," nikasema,
kwa sauti ya kutosha
upande unaopigwa.