Kidole cha Mwisho

Kila baada ya siku thelathini mtambo hunifungia nje.
Huniandikia kwa wekundu: badilisha neno la siri,
lisifanane na lolote ulilowahi kutumia.

Nilianza na wanangu, Tima, kisha Shee.
Watoto wakaniishia. Nikaingia mitaa niliyopanga,
Sidiriya, Mwembe Kuku, Chaani
ile nyumba ya bati iliyotunyeshea.
Mwezi mmoja niliandika Viazikarai12:
njaa ilikuwa imenishika
na meli ya mchele inangoja hati.

Halafu nikaanza kuwatia walioondoka.
Athumani, tarishi wetu,
aliyepeleka mafaili bandarini kwa baiskeli
mpaka barua zikajifunza kwenda zenyewe.
Taipureta nikaipa mwezi. Faksi mwezi.
Bi Zuhura wa swichibodi nikampa miwili,
maana aliondoka namdai na yeye ananidai
na hatukuwahi kukaa tukahesabu.
Makontena yalipopandishwa treni
na madereva wa malori wakaacha kuja kutumalizia sukari,
niliandika Changamwe.
Mtambo ukasema: ongeza alama.
Nikaongeza ya kuuliza.

"Mama, zoea tu," aliniambia Mwachiro, meneja,
kijana mzuri, viatu havina hata vumbi.
Mimi nimezoea mara sita, mwanangu.
Wewe ushazoea mara ngapi?

Mwaka huu wameleta kisanduku mlangoni,
palepale ilipotundikwa saa ya ukutani.
Hakitaki neno. Kinataka kidole.

Naweka dole gumba. *Jaribu tena.*
Nalifuta kwa buibui. *Jaribu tena.*
Cha shahada, cha kati, cha pete.
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Fundi akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga:
"Mama, mbona huna mistari?"

Mistari? Iliishia kwenye mpini wa muhuri,
IMEPOKELEWA, IMEPOKELEWA,
miaka ishirini na mitatu,
kwenye kaboni, kwenye kingo za ankara
zinazokata kama wembe na hazitoi damu.
Iulize Kampala. Iulize Goma.
Iko nyuma ya hati za watu nisiowajua,
wameshakula huo mchele, wameshasahau.

Tukahamia mkono wa kushoto, tukashuka nao
hadi kidole cha mwisho, kile kivivu,
kilichokaa siku zote kimejikunja pembeni mwa kikombe
kikivitazama vyenzake vikifanya kazi.
Taa ikawa kijani.
Mlango ukafunguka, watu wakapiga makofi,
nami nikaona haya, kama niliyeingia kwa kadi ya mwingine.

Jumamosi tunamwoza mpwa wangu.
Mpaka hina nimeshamwonya:
tisa hivi pamba utakavyo, tia maua, tia piko.
Hiki kiache.
Kina zamu Jumatatu.