Sindano Hana Kadi

Siku tatu, usiku kucha, mabati ya Nyalenda yalilia,
na haikuwa mvua.
Lile dume la bucha, lenye sikio moja na nusu,
lilimwita Sindano kwa sauti ya mtoto aliyefinywa,
naye, bila haya, bila hata kugeuka kunitazama,
akaitika.
Asubuhi ya nne alirudi na nyasi mgongoni,
akapanda juu ya redio, akajilamba
kama mtu aliyetoka kulipa bili ya maji.

Nikachukua kalamu. Kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo
nikaitia duara tarehe kumi na moja.
Mazoea hayo.
Miaka thelathini na miwili niliwauliza wanawake swali moja:
mara ya mwisho uliona lini?
Wengine walitaja mwezi, wengine walitaja mafuriko.
Mmoja alisema, "Sista, ni wiki ile sukari ilipopanda bei,"
na mtoto akaja siku niliyoihesabu.
Sindano hasemi.
Hana kadi, hana mume wa kumngoja nje kwenye benchi,
hana mkojo wa kuniletea kichupani.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Asikudanganye mtu.
Dorsila wa mlango wa pili anasema ameiona mimba machoni.
Machoni kuna nini?
Machoni kuna omena.

Wiki ya pili pia hakuna kitu,
ila subira, na subira kwa mkunga aliyestaafu
ni ugonjwa wa viungo.

Siku ya kumi na tisa nikampindua mapajani,
jua likiingia kwa dirisha la jikoni,
nikapekua manyoya ya tumbo kama ninayechambua mchele.
Chuchu nane. Nikahesabu tena: nane.
Juzi zilikuwa rangi ya vumbi.
Leo mbili za nyuma zimeiva kidogo,
zina wekundu wa ufizi wa mtoto,
au ni jua?
Nikavaa miwani. Nikawasha tochi ya simu.
Nikaizima.

Kesho yake akatapika ndani ya kiatu changu cha kanisani.
Sijawahi kuyafurahia matapishi namna ile.

Wiki ya tano tumbo likachomoza ubavuni,
nami nikatangaza, nikasimama mlangoni nikatangaza.
"Huyo?" akasema fundi Wesonga, pini zikiwa mdomoni.
"Huyo ni Malkia wangu. Kila saa nne anakula mandazi hapa."
Dorsila akainamisha macho: kwake anaitwa Nyakisumo,
na hula vichwa vya samaki.
Majina matatu, staftahi tatu.
Basi tumbo likatoka kwenye ushahidi.

Vidole vikaniwasha.
Vidole hivi vilijua kichwa kiko wapi, makalio yako wapi,
kupitia ngozi, kupitia leso, kupitia woga.
Lakini ndani ya paka, kama wamo, wamo kama kunde laini,
na kunde laini hazibonyezwi.
Nikavitia mfukoni.

Halafu nikamkumbuka Nasike.
Alikuja na miezi saba, nguo za mtoto amekwisha kushona.
Niliweka ile faneli ya mbao tumboni mwake,
nikatega sikio upande huu, upande ule,
nikasikia moyo mmoja tu ukidunda,
na ulikuwa wangu.
Nilimwambia arudi Alhamisi.
Hakuna kilichobadilika Alhamisi.
Tangu hapo sitangazi haraka, au nilidhani sitangazi.

Juzi stima ilipotea mtaa mzima.
Nilikuwa nimelala chali, mkono wazi juu ya godoro.
Sindano akaja, akazunguka, akazunguka tena,
akaulalia mkono.
Sikumpapasa. Nasema ukweli, sikumpapasa.
Kikagonga kitu kiganjani, kidogo,
kama mtu anayebisha nyumba asiyoijua.
Kimya.
Kisha kikagonga pembeni zaidi, kingine.

Kesho nitamwomba Wesonga mabaki ya vitambaa.
Usiku ule mkono ulikufa ganzi hadi bega.
Sikuutoa.