Futi Nne kwa Nane

Tuulikki hakutazama injini.
Aliingia uani kwa Desrosiers na futi mfukoni,
ile ya chuma, ya njano, iliyokatika inchi ya kwanza
(kila jibu lake tunaliondoa moja),
akapiga magoti kwenye theluji
nyuma ya pikapu jeusi,
akapima.

"Hili, mama, lina nguvu za farasi mia tatu,"
akasema muuzaji, akilipapasa ubavu
kama mtu anayenadi fahali.
"Na hao farasi watanibebea wapi plaiwudi?"
Futi ikarudi ndani kwa mlio wa nyoka.
Sitini na saba. Ondoa moja.
Futi tano na nusu za sanduku,
na ukingo unaonifika kifuani.
Bei yake niliisoma mara mbili
nikidhani ni namba ya simu.

Nikiri: nililitaka.
Nilijiona kwenye maegesho ya uwanja wa hoki,
kiwiko dirishani,
watu wa zamu yangu ya zamani wakigeuka.

Lakini kiwanda cha karatasi kilifungwa mwezi wa sita
wakatupa kiinua mgongo,
jina zuri kwa pesa
zilizotuinamisha chini ya paa la mtu mwingine
kutafuta linakovuja.
Nyumba tuliipata kwa bei ya chee, na uchee wake tunauona:
dari ya chumba cha kulala imetuna kama shavu lenye jipu,
sakafu ya jikoni ukiikanyaga inajibu.

Usiku, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
tuliandika bima, mafuta, matairi ya baridi.
Nikasema, trela basi.
Tuulikki akanitazama tu.
Sanduku la barua la jirani bado limeinama
tangu siku niliyorudi nyuma na trela la shemeji.
Nikafuta trela.

Jumamosi tukaenda kwa Oksana Hrynchuk,
mtaa wa tatu kutoka ziwani.
Gari la kubebea watoto, rangi ya chai ya maziwa,
kutu imeanza kutafuna milango kwa chini,
taratibu, kama panya mwenye adabu.
Watoto watatu, alisema, na wote wako mbali,
mmoja huko ambako hata theluji hawaijui.

Viti vya nyuma tuling'oa pamoja.
Chini ya cha mwisho:
kalamu ya nta iliyoyeyukia kwenye zulia,
tiketi ya kuogelea ya mwaka elfu mbili na tisa,
soksi moja, ndogo.
Oksana aliiokota, akaitia mfukoni,
akaanza kuzungumzia breki.

Tuulikki alikuwa ameshaingia ndani, amelala kifudifudi,
futi imevuka kutoka tairi hadi tairi.
"Hamsini!"
Ondoa moja.
Inchi moja zaidi ya tunayohitaji,
kama nyongeza ya muuza unga
anayekupenda.

Akatupunguzia mia mbili bila kuombwa.
Sijui alipunguza nini.

Leo tumepakia bodi kumi na mbili za jipsamu.
Mlango wa nyuma umefungika, kwa shida, lakini umefungika,
kwa sababu kiti changu kimesukumwa mbele
hadi magoti yanagusa usukani
na naendesha kama mtu anayesali.
Kila mtu hujikuna ajipatapo.

Kwenye taa za uwanja wa hoki
likasimama pembeni yangu pikapu jeusi.
Sanduku tupu, safi, limebeba theluji ya jana.
Dereva, kiwiko dirishani,
akayatazama magoti yangu.
Nikamwinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani,
salamu ya hapa.

Nyuma yangu ukuta mzima wa chumba chetu
ulikuwa umelala chali, kimya,
unangoja kusimamishwa.

"Kijani," akasema Tuulikki. "Na breki, polepole."