Asilimia Kumi na Nne

Mwanzo ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba.
Nikasema, chai haitapoa, tutakuwa tumemaliza.
Kisha ule mstari wa kijani ukagoma:
asilimia kumi na nne.
Zimebaki saa tatu. Saa saba. Dakika mbili. Saa kumi na moja.
Kompyuta haijui kusema sijui.

Basi la Malkhaz la kwenda Poland linaondoka Kutaisi alfajiri,
na bibi yake yumo humo ndani,
picha elfu sita, na sauti yake vipande vipande:
anakohoa, anaita kuku, anamtukana jirani aliyekwisha kufa.

Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Ujinga mtupu.
Nikaigusa flashi: ina homa.
Nikapiga magoti kwenye vumbi la nyuma ya meza,
nikalipapasa lile tundu la buluu,
nikaihamishia huko.
Ikasogea. Kidogo.

Ndipo Nazibrola wa ghorofa ya juu, karani mstaafu wa posta,
akachungulia na taulo kichwani.
"Barua elfu sita, na kila moja
unaipeleka peke yake, unabisha hodi, unatia sahihi?
Zitie gunia moja, mama."

Nikazifunga zote katika faili moja.
Likaondoka zito, halitui njiani.

Saa kumi usiku Malkhaz akanyoosha mkono, koti limeshafungwa vifungo.
Ngoja, nikamwambia, usiing'oe hivyo hivyo.
Iage kwanza.
Akabofya.
Tukasimama wawili, tukikitazama kile kitaa kidogo
mpaka kilipozima.