Nguzo ya Kumi na Tisa

Miaka kumi na minne nilipanda nguzo.
Nilijua umeme kwa harufu, kwa mlio,
kwa nywele za mkono zinavyosimama kabla ya mvua.
Haukunipiga. Watu husema ulinipiga. Haukunipiga.
Ni nguzo iliyooza shinani, kule Buswelu,
ya kumi na tisa ukihesabu kutoka kwenye transfoma.
Ililala nami taratibu, kama mtu aliyechoka,
na mwamba ukatupokea.

Mawe ya Mwanza hayana haraka.
Yamekaa juu ya mawe mengine tangu hapo,
watoto wanacheza chini yake bila kuuliza lini.
Mimi niliuliza. Lini?
Daktari akachora uti wa mgongo nyuma ya kadi ya kliniki,
akapiga mstari usawa wa kitovu,
akasema: haujakatika wote.

Nikamwelewa kuliko alivyojua.
Laini isiyokatika yote ndiyo inayosumbua:
taa inawaka nusu, friji inanguruma na haigandishi,
mteja anakupigia usiku wa manane.
Ndivyo ilivyokuwa miguu yangu.
Ilitetemeka bila kutumwa;
nikiituma, kimya.

Chumba cha mazoezi kina dirisha la upande wa ziwa.
Feri ya Kamanga inakwenda, inarudi.
Nyangeta ananibandika nyaya nyuma ya goti,
kisha ananiwekea koili utosini,
duara, kama kata ya mwanamke atokaye mwaloni na ndoo.
"Mpigo mmoja unashuka toka kichwani," anasema,
"mwingine unapanda toka mguuni.
Tunataka ikutane palipoumia, kwa wakati mmoja,
mara mia, mara mia tena, mpaka izoeane."
Nikacheka. Ndivyo tulivyovuta waya wa Sengerema:
kikundi kimoja huku, kingine kule,
katikati kichaka ambacho hakuna aliyekitaka.

Tak, utosini. Tak, nyuma ya goti.
"Kaza." Nikaze nini? Nakaza jina la mguu.
"Kaza tena, kaka Lugembe."
Jasho linanitiririka mpaka kitovuni.
Chini ya kitovu ni Julai, pakavu.

Siku ya tisa umeme ukakatika tukiwa katikati.
Nyangeta akanitazama kana kwamba ni mimi niliyezima.
Nikachungulia: hotelini taa zipo, sokoni hazipo.
"Ni laini ya Kirumba," nikamwambia. "Dakika arobaini."
Zilikuwa arobaini na tatu.
Tulitafuna karanga, akaniuliza fyuzi inaruka kwa nini,
nikamweleza kwa mikono yote miwili.
Tangu ile nguzo
hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu ninachokijua.

Nisikudanganye. Sijatembea.
Walioeneza kanisani kwamba Lugembe kaacha kiti
wamenichanganya na mwingine; wakinisalimu, naitika mhola, basi.
Na yule kijana wa Ukerewe tuliyeanza naye,
koili ileile, nyaya zilezile, hajapata kitu.
Anakuja, anabandikwa, anaondoka kwa bodaboda
amefungwa kanga kiunoni kwa dereva.

Ila juzi, saa tisa usiku,
niliamshwa na jambo nisilolijua.
Si maumivu. Si ndoto.
Kitu kizito, cha zamani, kama mgeni
aliyekaa nje muda mrefu,
anayekohoa badala ya kubisha hodi.
Mbuke akawasha tochi ya simu. "Una nini?"
Nikatafuta neno, likaja la utotoni:
"Mkojo. Nahisi mkojo."

Akaziba mdomo kwa kiganja.
Miezi ishirini tumekwenda kwa saa na mrija,
kila saa nne, hata sikukuu, hata msibani kwa mama yake.
Akaleta kopo, akakaa ukingoni mwa kitanda,
na sisi wawili, watu wazima wenye watoto watatu,
tukategesha masikio
kama wanaotafuta stesheni ya redio ya mbali.

Kilitoka kidogo. Kilichobaki kilitaka mrija.
Kesho ni Jumatano.
Mpigo wa kwanza, saa mbili asubuhi.