Dakika Tatu

Walimpa Verlene Stiltner dakika tatu na kipaza sauti.
Taa ikiwa nyekundu, walisema, unakaa.

Alikuwa ameendesha gari mwendo wa saa nne
kutoka milima ya West Virginia,
theluji ingali imeng'ang'ania bampa,
na karatasi aliyoiandika usiku kucha
ameisahau juu ya friji.

Kabla yake alisema wakili wa kampuni, na alisema vizuri.
Nyaya hazioti zenyewe kama uyoga. Nani alichimba? Nani alilipa?
Mwenye njia hana haki ya kuuliza uzito wa mzigo?
Watu waliitikia kwa vichwa. Verlene naye aliitikia:
mitaro ile aliichimba marehemu mumewe,
kibarua wa kampuni hiyohiyo,
na magoti yake hayakupona.

Akafuata mwenye duka la vyuma, sauti ya kukwaruza:
serikali ikishika bomba leo,
kesho itatuchagulia cha kunywa.
Hilo nalo halikuwa neno la kutupa.

Kijani.

Kaka yangu Odell hasikii, alianza, tangu homa ya utotoni.
Anakaa Spokane. Kila Jumapili tunaongea kwa mikono, kwenye skrini.
Tangu Oktoba filamu za kampuni zinateleza
kama siagi kwenye kikaango.
Kaka yangu anakwama.
Mkono wake unaganda hewani, na neno limo ndani yake, nusu.

Hapo akakisogeza kando kipaza sauti.
Akainua mikono, akaanza ishara,
vidole kifuani, kiwiko kinapanda,
akaisimamisha katikati.
Akabaki hivyo.

Karani akaacha kupiga chapa.
Wakili akafunga kalamu, akaifungua, akaifunga.
Mjumbe mmoja akaegemea mbele, kana kwamba
neno lingemfikia akilisogelea.
Njano.
Kimya kile hakikuuliza nani ana bando gani;
kiliwafika wote kwa kasi moja,
viti vya mbele na waliosimama mlangoni.

Nyekundu.
Asante, Bi. Stiltner, alisema mwenyekiti. Wa kumi na nane?

Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa:
Shahidi wa kumi na saba. Sehemu haikusikika.

Kura itapigwa Machi.
Jumapili Odell alimuuliza, wamesemaje?
Au alidhani ndivyo alivyouliza.
Alichokiona ni vidole viwili,
na kidevu, na kile kiduara
kinachozunguka, kinachozunguka.